Tumepimana Uchovu, Si Mawe Peke Yake



Tulipokuwa tukibeba mawe ya tangi la kikundi chetu, kila mtu alipangiwa safari kumi na mbili kwa asubuhi moja, mkubwa kwa mdogo. Safari ya tisa mama mmoja akajikwaa, jiwe likamwangukia mguuni. Tukasema ni bahati mbaya. Lakini tulipoketi jioni tukaulizana: ni nani aliyeona miguu yake ikitetemeka tangu safari ya saba? Karibu sote tulikuwa tumeona. Hakuna aliyesema, naye aliona haya kupumzika.

Huko maabara wataalamu hubandika vidude vidogo juu ya ngozi kupima umeme wa msuli. Msuli ukichoka, mawimbi ya umeme huo huenda polepole zaidi. Sisi vyombo hivyo hatuna. Lakini Gunnar Borg wa Uswidi alitunga kipimo kisichohitaji hata shilingi: unamwuliza mbebaji mwenyewe. 0 ni hakuna uchovu, 3 ni wa kadiri, 5 ni mzito, 7 ni mzito sana, 10 ni kama hawezi tena.

Basi siku hizi tunaulizana kila baada ya safari tatu. Anayetaja 5 anahamia kupanga mawe. Anayetaja 7 anakaa chini, hata akiwa mwenyekiti! Wako wanaodanganya, hasa sisi wanaume. Huyo mwangalie: hatua zinafupika, anabadilisha bega kila mara, vidole vinalegea.

Na akina mama, msidhani mazoea yanamaliza mambo. Mwaka 1986 watafiti walitangaza matokeo ya kupima akina mama wa Kiluo na Kikuyu hapa Kenya wakitembea na mizigo. Mzigo usiozidi sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu. Ukizidi hapo, nguvu inaliwa. Kwa mama wa kilo 60, hiyo ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni zaidi ya kilo 20! Na hiyo ni nguvu ya mwili mzima tu. Shingo ina hesabu yake.

Jumamosi tunaanza kubeba mchanga. Karani atakuwa na daftari pale njiani. Akikuuliza, taja nambari ya kweli.