GARI LA UMEME NA WAJIBU WA ALIYELIUZA



Mazungumzo haya yanahusu mtu aliyenunua gari jipya la umeme, na karakana ya wakala aliyemuuzia. Huenda mtu akauliza jambo hilo lina uzito gani hata lizungumzwe mbele ya watu wenye kazi nyingi. Jibu ni kwamba gari ni moja ya vitu vya bei kubwa kabisa ambavyo mtumishi hununua katika maisha yake, na mara nyingi hulinunua kwa mkopo unaokatwa katika mshahara miaka kadhaa. Likiharibika, mkopo haungoji. Kwa hiyo yafaa ieleweke mapema ni nani anayewajibika, kwa jambo gani, na mnunuzi atadai haki yake kwa njia ipi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2016 kampuni ya General Motors ilianza kuwauzia watu gari dogo la umeme liitwalo Chevrolet Bolt. Lilikuwa na betri ya kilowati-saa 60, na kwa chaji moja liliweza kwenda kilomita 383 kwa kipimo cha serikali ya nchi hiyo. Watu wa kipato cha kati walilipenda, maana bei yake ilikuwa chini kuliko ya magari mengi ya umeme yaliyokwenda mwendo mrefu namna hiyo. Seli za betri zake zilitengenezwa na kampuni ya LG ya Korea ya Kusini.

Mwezi wa Novemba, 2020, kampuni ilitangaza kwamba magari yapatayo 68,000 ya miaka ya 2017 hadi 2019 yanahitaji kurudishwa kwa mawakala, kwa sababu baadhi yake yalikuwa yamewaka moto yakiwa yameegeshwa. Dawa ya kwanza ilikuwa kubadili programu ya gari ili betri isijae zaidi ya asilimia 90. Mwaka uliofuata ikatolewa programu nyingine, ambayo ilikusudiwa kuzitambua betri zenye kasoro na kuwarudishia wenye magari chaji yao kamili. Wamiliki waliitikia wito, wakayapeleka magari karakana, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba jambo limekwisha.

Lakini halikuwa limekwisha. Mwezi wa Julai, 2021, ilithibitishwa kwamba magari mawili yaliyokuwa yamekwisha kutengenezwa kwa programu hiyo yameungua. Idara ya usalama wa barabara ya serikali ya Marekani ikawashauri wenye magari hayo wayaegeshe nje, mbali na nyumba, hata kama yalikuwa yametengenezwa. Kampuni nayo ikawataka wasiyaache yakichajiwa usiku kucha ndani ya banda, na wasiiache chaji ipungue sana, yaani ibaki ya mwendo wa chini ya kilomita 113 hivi. Tarehe 20 Agosti, 2021, wito ukapanuliwa ukayahusu magari yote ya aina hiyo yaliyokuwa yametengenezwa hadi wakati huo. Jumla yake ilikuwa kiasi cha 142,000.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo kwa kuitazama. Katika baadhi ya seli, kipande chembamba cha upande mmoja wa betri kilikuwa kimechanika, na ngozi nyembamba inayozitenga pande mbili za seli ilikuwa imejikunja. Kasoro hizo mbili zikikutana katika seli moja, moto unaweza kuzuka. Ikumbukwe kwamba magari yaliyoungua yalikuwa machache mno ukilinganisha na yote yaliyouzwa. Hata hivyo, mzazi ambaye watoto wake wanalala juu ya banda la gari hahesabu hatari kwa asilimia.

HALI YA MWENYE GARI

Fikirini basi hali ya mwenye gari wakati huo. Alikwisha kutii kila agizo. Gari lake lilikuwa limetengenezwa na fundi wa wakala, na cheti cha kazi alikuwa nacho. Sasa anaambiwa asiliweke ndani, asilijaze, asilimalize, na angoje. Mwenye uwanja mpana aliweza kungoja. Aliyepanga chumba katika jengo lenye egesho moja la chini ya ardhi hakuwa na mahali pa kulipeleka, wala pa kulichaji. Akimwendea wakala, wakala alimjibu kweli tupu, kwamba betri mpya hazijafika na kwamba kiwanda ndicho kitakachoamua nani atangulie.

Hapa ndipo panapofaa kutazama uhusiano wa watu watatu, yaani mnunuzi, wakala na kiwanda. Katika Marekani wakala wa magari ni mfanyabiashara anayejitegemea. Katika majimbo mengi sheria hukizuia kiwanda chenye mawakala kisimuuzie mtu gari moja kwa moja. Ni lazima lipite kwa wakala. Kazi yoyote iliyomo katika dhamana hufanywa na wakala, kisha kiwanda humlipa. Kwa hiyo mnunuzi huzungumza na mtu ambaye hakulitengeneza gari, na aliyelitengeneza hamwoni. Mpango huu una faida, maana wakala yuko karibu na anajulikana mjini. Una hasara pia, kwani jambo likiwa zito kila mmoja huweza kumsukumia mwenzake.

Aidha, gari la umeme limebadili mapato ya karakana. Gari la petroli lina oili ya kubadilishwa, plagi, mikanda, chujio la mafuta na bomba la moshi. Gari la umeme halina hata kimoja katika hivyo. Breki zake nazo huchukua muda mrefu kuisha, kwa sababu mota yenyewe hulipunguza mwendo na kurudisha umeme katika betri. Kinachobaki ni matairi, maji ya kupozea betri, mafuta ya breki, chujio la hewa, betri ndogo ya volti 12, na programu. Wakala aliyezoea kuishi kwa matengenezo anaona kwamba mteja huyu atamletea fedha kidogo, na wakati huo huo anadaiwa awasomeshe mafundi na kununua vyombo vipya. Betri ya Bolt ina uzito wa zaidi ya kilo 400 na nguvu ya volti zipatazo 350, umeme unaoweza kumwua mtu. Fundi hawezi kuifungua kwa spana na ujasiri tu. Anahitaji mafunzo, glovu za mpira zilizopimwa, na meza ya kuishushia betri. Ndiyo maana hata sasa si kila wakala anayeuza gari la umeme anayeweza kulifungua.

SHERIA ILISAIDIA

Katika mkasa huo mambo mawili yaliwasaidia wanunuzi. La kwanza ni sheria. Tangu mwaka 1966 Marekani ina sheria ya usalama wa magari ambayo huvilazimu viwanda kuwaarifu wenye magari juu ya kasoro ya hatari. Na kwa marekebisho yaliyofuata kasoro hiyo huondolewa bila malipo. Zaidi ya hayo, gari jipya lenye kasoro iliyotangazwa haliruhusiwi kukabidhiwa mnunuzi kabla ya kutengenezwa. Hali kadhalika, jimbo la Connecticut lilipitisha mwaka 1982 sheria ya kumlinda mnunuzi wa gari bovu, na majimbo mengine yakafuata. Chini ya sheria ya Connecticut, gari jipya likitengenezwa mara nne kwa kasoro ile ile bila kupona, au likikaa karakana jumla ya siku 30 katika kipindi cha mwanzo, mnunuzi anaweza kudai apewe jingine au arudishiwe fedha. Jambo la pili ni dhamana yenyewe. Betri ya Bolt ilikuwa na dhamana ya miaka 8 au maili 100,000, yaani kilomita 160,000 hivi.

Kwa sababu hizo, kuanzia Oktoba 2021 betri mpya zilianza kupelekwa kwa mawakala. Magari ya mwaka 2017 hadi 2019 yalipewa betri zenye uwezo mkubwa kuliko zile za mwanzo, hata mwendo wao ukafika kilomita 417 kwa chaji moja, na dhamana ya betri ikaanza upya. Kiwanda cha magari hayo huko Michigan kilisimama kwa sehemu kubwa ya muda tangu Agosti 2021 hadi Aprili 2022. Kampuni ya LG ilikubali kubeba hadi dola bilioni 1.9 za gharama. Hapana shaka kwamba gharama hiyo isingebebwa kwa hiari kama mnunuzi asingekuwa na sheria nyuma yake.

JOTO NA BETRI

Mfano wa pili unaihusu Afrika ya Mashariki kwa karibu zaidi. Gari la Nissan Leaf liliingia sokoni mwezi wa Desemba, 2010. Betri yake haikupozwa kwa maji. Ilitegemea hewa iliyoizunguka. Katika kiangazi cha mwaka 2012, wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, ambako jua ni kali, walilalamika kwamba betri zao zinapungua uwezo kabla ya wakati. Gari hilo lilikuwa na kipimo chenye vistari 12 vilivyoonyesha uwezo uliobaki wa betri, na wao walikuwa wakiona vistari vikitoweka. Dhamana ya awali haikuhusu upungufu wa namna hiyo. Wamiliki waliweka kumbukumbu, wakapima mwendo wa magari yao, wakalinganisha, wakapeleka madai yao kwa pamoja. Mwezi wa Desemba, 2012, kampuni ilitangaza dhamana mpya, kwamba betri itakayoshuka chini ya vistari 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000 itatengenezwa au kubadilishwa. Dhamana hiyo iliyahusu pia magari yaliyokwisha kuuzwa.

Magari ya aina hiyo yaliyotumika Japani yamefika mpaka Nairobi. Rwanda iliondoa ushuru wa magari ya umeme mwaka 2021, na Ethiopia ikatangaza mwanzoni mwa mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya petroli na dizeli ya watu binafsi. Kwa hiyo si jambo la mbali. Lakini anayenunua gari lililotumika ng'ambo hununua bila wakala, na mara nyingi bila dhamana. Barua ya kiwanda inayotangaza kasoro huandikwa kwa anwani ya mwenye gari wa kwanza, huko huko lilikouzwa. Aliyelinunua Mombasa au Dar es Salaam haletewi barua hiyo. Naye akiliendesha katika joto la pwani, betri isiyopozwa kwa maji huchakaa upesi kuliko ingalichakaa katika nchi ya baridi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kutokana na mifano hiyo, mnunuzi wa gari la umeme yampasa azingatie mambo manne.

Kwanza, asome dhamana kabla ya kutia sahihi, na aisome sehemu ya betri peke yake. Ajue inadumu miaka mingapi, kilomita ngapi, na kama inahusu upungufu wa uwezo au uharibifu tu. Wamiliki wa Arizona waligundua tofauti hiyo wakati gari limekwisha kulipiwa.

Pili, aulize karakana kabla ya kuuliza bei. Je, fundi aliyesomea umeme mkubwa yupo? Vyombo vya kushusha betri vipo? Ikiwa havipo, gari litapelekwa wapi, na gharama ya kulibeba ni ya nani? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo anauza kitu asichoweza kukitunza.

Tatu, kila aendapo karakana adai hati iliyoandikwa, yenye tarehe, kilomita, malalamiko yake kwa maneno yake, na kazi iliyofanywa. Hata fundi akisema hakuona kasoro, na hilo liandikwe. Walimu na watumishi wa serikali hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana wao wanajua kwamba lisilomo katika jalada ni vigumu kulithibitisha. Sheria inayohesabu mara nne au siku 30 haina maana kwa mtu asiye na karatasi za kuhesabia.

Nne, ikiwa gari limetumika, achunguze namba ya chasisi katika orodha za kasoro zilizotangazwa na kiwanda, na apimiwe betri na mtu asiye na faida katika mauzo. Katika Leaf za mwanzo, kuvihesabu vistari ni kazi ya dakika moja.

Upo pia wajibu usio wa mnunuzi peke yake. Serikali zinazoondoa ushuru ili magari haya yaingie zimefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuwasomesha mafundi katika vyuo vya ufundi, kuweka kanuni ya kuwalazimu waingizaji kutunza vipuri, na kuwa na ofisi moja ambako mwananchi anaweza kupeleka namba ya gari lake na kuambiwa kama lina kasoro. Bila ya hayo, ahadi aliyopewa mnunuzi huko lilikotengenezwa gari itakoma bandarini.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wenye Bolt na wenye Leaf hawakuwa mafundi, na wengi wao hawakujua seli ya betri inafananaje. Walichofanya ni kuuliza, kuandika, na kurudi tena walipojibiwa nusu. Mnunuzi wa Kigali, Nairobi au Dodoma anaweza kufanya hivyo hivyo, na aanze siku ile ile anapokabidhiwa ufunguo.