MASHINE YA WOTE IKIHARIBIKA, NANI ALIPE?

(Maneno aliyosema fundi mmoja, mwanachama, katika mkutano wa karakana)



Nimepewa nafasi niseme juu ya ile keekee ya umeme iliyofunikwa gunia pale pembeni. Hii ni wiki ya tatu haizunguki. Wengine wasema chama kinunue mpya. Wengine wasema alipe yule kijana aliyeishika mwisho. Mimi sikubaliani na upande wowote, na nitawaeleza sababu.

Nilipokuwa kijana wa kujifunza kazi, katika karakana nyingine ambayo sitaitaja, tulikuwa na grenda moja ya meza, mali ya watu wote. Desturi ya pale ilikuwa kwamba kitu kikivunjika mkononi mwako, walipa wewe. Siku moja nilikuwa nikibadilisha jiwe lake, likaniponyoka, likaanguka sakafuni. Nikalitazama, nisione ufa. Nikalifunga, nikanyamaza, maana posho yangu haikutosha hata nusu ya bei ya jiwe jipya. Kesho yake asubuhi mzee mmoja alikuja kunoa tindo. Jiwe likapasuka likiwa linazunguka, na kipande kikampiga jichoni. Jicho lile halikuona tena. Tuliulizwa mmoja mmoja, na kila mtu akasema hajui. Mimi pia nilisema sijui.

Ndugu zangu, kosa lile ni langu, na nimelibeba miaka mingi. Lakini desturi ile ya kumtoza aliyeshika mwisho haikulinda mashine wala mtu. Ilitufundisha kuficha tu.

Vijana wasikie jambo hili. Jiwe la grenda lililoanguka halirudi kazini mpaka lipimwe. Litundike kwa kijiti kupitia tundu lake, uligonge polepole kwa mpini wa mti. Jiwe zima hulia kama kengele. Likitoa sauti butu, lina ufa, na dawa yake ni kulivunja na kulitupa. Tazama pia mwendo ulioandikwa juu ya jiwe: usiwe mdogo kuliko mwendo wa mashine. Nafasi kati ya jiwe na kiegemezo cha mkono isizidi milimita 3. Ukilifunga jiwe jipya, liache lizunguke dakika moja nawe umesimama kando. Kinga isiondolewe, na miwani ivaliwe. Kupima jiwe hakumalizi hata dakika moja.

Sasa turudi kwa keekee yetu. Jana mimi na ndugu yetu fundi wa umeme tuliichomoa waya, tukaifungua. Mota ni nzima. Vilivyokufa ni beringi mbili, na mkanda umekatika. Beringi hazifi kwa siku moja. Zilikuwa zikilia miezi miwili, na sote tulizisikia. Mimi nilizisikia. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme. Basi tukimtoza yule kijana, tutamtoza kwa kimya chetu sote.

Je, tutengeneze au tununue mpya? Tujiulize mambo matatu. Kwanza, ikitengenezwa itakuwa salama kama zamani? Pili, vipuri vyapatikana? Tatu, bei ya vipuri, pamoja na siku za kazi zitakazopotea, ni ndogo kuliko bei ya mashine mpya? Kwa keekee hii jibu ni ndiyo mara tatu. Beringi na mkanda ni vitu vilivyofanywa ili vichakae na kubadilishwa, kama soli ya kiatu. Lakini mota ingekuwa imeungua, au mwili wa chuma umepasuka, ningekuwa wa kwanza kusema tununue nyingine. Tusitupe kitu kizima kwa hasira, wala tusifufue maiti kwa ubahili.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi manne.

La kwanza: mwenye kutoa habari ya uharibifu siku ile ile asitozwe senti. Atakayeficha, au atakayeharibu kwa kusudi, huyo aitwe mbele ya kamati. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka sehemu za hatari za mashine zikingwe, na yampa mfanyakazi wajibu wa kutoa habari ya hatari aionayo. Haifai sisi tuwe na desturi inayomtisha asitimize wajibu huo.

La pili: mashine mbovu ichomolewe waya mara moja, itundikwe kibao kilichoandikwa MBOVU, na yule aliyeitengeneza tu ndiye akiondoe.

La tatu: kila mashine iwe na mlinzi wake kwa zamu ya mwezi, wa kutia grisi, kukaza mkanda na kuandika katika daftari. Ikilia, aandike kwamba inalia.

La nne: tuwe na mfuko wa matengenezo. Tuko watu 24. Kila mtu akitoa shilingi 50 kwa wiki, ni shilingi 1,200, na kwa mwaka wa wiki 52 ni shilingi 62,400. Mweka hazina asome hesabu hiyo katika kila mkutano, na risiti zionekane. Haba na haba hujaza kibaba.

Yule kijana yumo humu ndani. Tangu keekee ife hajala nasi chakula cha mchana. Namwomba aje kesho saa mbili tufunge beringi pamoja, ajifunze, na mwezi wa kwanza wa ulinzi uwe wake.

Umoja ni nguvu.