Matokeo Januari, Bonasi Oktoba

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya halmashauri ya tawi, mbele ya wanachama na wazazi, Magwagwa)



Tumeombwa tuseme juu ya watoto waliomaliza kidato cha nne na karo ya vyuo. Hatukuja kuwaambieni ya kwamba elimu ni kitu chema. Hilo watu wa Magwagwa walilijua zamani, na ng'ombe waliouzwa hapa ni ushahidi. Tumekuja kusema juu ya makaratasi.

Yupo mwenzetu, mchuma chai, ambaye binti yake alipata B. Ametupa ruhusa tusimulie, lakini jina lake tunaliacha. Barua ya kuitwa chuo kikuu ilipofika, kuku alichinjwa, na sisi wa halmashauri tulikwenda tukala. Siku ya kuripoti, binti akapewa hati ya karo nzima, kwa sababu hakuwa ameomba msaada wala mkopo. Wazazi walidhani ya kwamba mtoto akiitwa, fedha za Serikali zinamfuata zenyewe. Mtamba akauzwa kwa siku mbili, kwa bei ya mwenye shida, na miti ya blugamu ikakatwa kabla ya kukomaa. Ndugu, hatumlaumu mzazi huyo. Sisi tuliokula kuku hatukumwuliza hata mmoja wetu, "Je, mmeomba fedha?"

Basi lishikeni neno hili. Ofisi iitwayo KUCCPS, iliyowekwa na sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012, kazi yake ni kupanga watoto vyuoni. Fedha haitoi. Msaada usiolipwa hutoka katika Hazina ya Vyuo Vikuu, na mkopo hutoka HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Kwa hiyo mtoto huomba mara mbili: kwanza nafasi, kisha fedha. Asiyeomba mara ya pili huonekana kama mtu anayejiweza.

Mnamo Mei 2023 Serikali ilitangaza mpango mpya wa kugawa fedha hizo kwa makundi, kwa kadiri ya uwezo wa nyumba. Kundi la kwanza, la watu wa chini kabisa, nyumba ilitakiwa kutoa asilimia 5 tu ya karo. Kundi la tatu asilimia 20. Kundi la tano asilimia 40. Tufanye hesabu kwa shilingi 200,000 kwa mwaka. Wa kundi la kwanza hulipa 10,000, na wa kundi la tatu 40,000. Tofauti ni shilingi 30,000, na kila mchuma chai hapa anajua ni kilo ngapi za majani hizo. Mnamo Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unavunja Katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo. Haya ni mambo ya kubadilika. Ulizeni upya kila mwaka, msifuate habari za mtoto wa jirani aliyeingia zamani.

Kundi la mtoto hutokana na majibu yake katika fomu. Huulizwa kazi ya wazazi, mapato yao, watoto wangapi wangali shuleni, na shule aliyosoma. Hapa aibu yetu hutuponza. Baba anaona haya kuandikwa kibarua, basi mtoto anaandika "mkulima wa chai", na huko Nairobi wanadhani ana shamba kubwa. Andikeni kweli, wala msijifanye maskini kuliko mlivyo. Kama baba amefariki, cheti cha kifo kitafutwe mapema. Na kundi likiwa si la haki, mtoto anaweza kukata rufani. Hasira za nyumbani hazifiki kwenye fomu.

Sasa kalenda. Matokeo ya mtihani hutoka Januari. Vyuo hufungua kwa wanafunzi wapya karibu na Agosti au Septemba. Na bonasi ya chai huja lini? Oktoba! Kwa hiyo mzazi anayeitegemea bonasi anaingia chuoni mikono mitupu, na hapo ndipo walanguzi wa mitamba humsubiri. Tunayo miezi saba. Weka kidogo kidogo katika chama cha akiba tangu Januari, na uandike barua kwa chuo mapema kuomba kulipa kwa mafungu. Basari, ikipatikana, ni heri. Lakini usiihesabu kabla haijafika.

Wengine wanaogopa mkopo. Ni deni kweli, tena lenye riba ya asilimia 4. Kulipa huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekimbia hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Lakini mtamba aliyeuzwa kwa haraka naye ni deni, na huyo haachi ndama.

Chama cha wafanya kazi kushughulika na karo si jambo geni. Mnamo Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Aliyeipigania safari hiyo alikuwa Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya. Nyumbani, jamaa na majirani walichanga fedha kwa karamu za chai na dansi. Sisi hatuna ndege, lakini tuna kalamu.

Neno kwa mwenye C wala si C+. Digrii hataingia moja kwa moja, lakini kwa C- mlango wa diploma uko wazi, na kwa D yako mafunzo ya cheti cha ufundi. Kisii National Polytechnic si mbali. Msiwafiche watoto hao wageni wakija. Umeme wa kiwandani ukikatika, hatumtafuti mwenye shahada.

La mwisho ni saiba. Kijana wa saiba asiandike namba yake ya simu katika fomu ya mtoto wako, wala asiwe ndiye peke yake anayejua neno la siri. Laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanafunzi mwenyewe, na karatasi zote zichapishwe, ziwekwe nyumbani.

Halmashauri itakaa kila Jumamosi alasiri, baada ya majani kupimwa, tangu matokeo yatakapotoka mpaka vyuo vifunguliwe. Mje na mtoto, cheti chake cha kuzaliwa, hati ya matokeo na vitambulisho vya wazazi wote wawili. Hakuna malipo. Yule mama wa mtamba amekubali kukaa nasi mezani, na yeye ndiye atakayewauliza swali la kwanza.