Kuchagua Hita ya Tangi la Samaki wa Mapambo



Hita ya tangi la samaki ni kifaa kidogo, lakini ikichaguliwa vibaya huweza kuua samaki wote kwa usiku mmoja. Tunawashauri mpime kwanza, ndipo mwende dukani.

Jambo la kwanza ni kujua kama mnaihitaji. Samaki wengi wa mapambo wa nchi za joto, wakiwamo wa Ziwa Tanganyika, hustawi katika maji ya nyuzijoto 25 hivi. Jijini Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa ya mwaka, maji hufikia kiwango hicho yenyewe. Mbeya, Njombe na Arusha wakati wa kipupwe, sivyo.

La pili ni ujazo. Zidisheni urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha gawanyeni kwa 1,000 mpate lita. Tangi la urefu wa 60 na upana wa 30, lenye maji ya kina cha 36, lina takriban lita 65.

La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni baridi ya chumba. Ipimeni alfajiri. Tofauti kati ya chumba na joto mnalolitaka ikiwa nyuzi 5, wati 1 kwa kila lita hutosha; ikikaribia 10, hesabuni wati 2. Sebule ya Mbeya yenye nyuzi 17 ina upungufu wa nyuzi 8. Kwa hiyo tangi letu litahitaji hita ya wati 100.

Msishawishike kwamba kubwa zaidi ndiyo bora. Kidhibiti joto kikikwama, hita ya wati 300 huweza kupandisha lita 65 kwa nyuzi 1 katika dakika 15 hivi. Ya wati 100 huchukua kama dakika 45. Muda huo ndio wa kuwaokoa samaki. Iliyo ndogo mno nayo huwaka kutwa kucha bila kufikisha joto.

Kabla ya kulipa, hakikisheni lebo inataja volti 220 hadi 240, na mdai risiti na dhamana ya maandishi. Nyumbani, wekeni kipimajoto mbali na hita, na mchomoe plagi kabla ya kutia mkono majini. Samaki hununuliwa tena. Uhai wenu haununuliki.