Kusema Mabaya ya Hospitali Bila Kufukuzwa

Ndugu zangu wafanya kazi, mwenzetu wa hospitali akiona dawa za serikali zatolewa kwa mlango wa nyuma, hunyamaza. Aogopa kufukuzwa. Lakini mwaka 2016, hapa Nairobi, wakaguzi wa ndani wa Wizara ya Afya waliandika kwamba matumizi ya shilingi bilioni 5 yana mashaka. Hawakupiga domo, walitoa hesabu. Nanyi andikeni tarehe, saa na idadi, kama gadi wa treni. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu 46, yakataza kumfukuza mtu kwa sababu ameleta lalamiko, ila likiwa halina msingi. Basi uvumi wa kantini msiulete! Nakala moja mpeni katibu wa tawi kabla ya kumwona mkubwa.