Chembe za Damu na Kitanda cha Mwenzetu



Mwaka 1974 mwenzetu mmoja wa bweni alionekana na baka lenye ganzi mgongoni. Tulipoambiwa ni ukoma, tulivuta vitanda vyetu mbali naye. Wa kwanza kuvuta nilikuwa mimi. Juma lililofuata alirudi kwao, wala hatukumwona tena.

Baadaye nilifanya kazi ya maabara, nikajifunza jinsi kinga ya ukoma inavyopimwa. Chembe nyeupe za damu huchanganywa na vijidudu vya ukoma vilivyokwisha kuuawa, zikatunzwa siku kadhaa katika joto la mwili. Zikivitambua, huzaliana, na mpimaji huhesabu. Chembe za mgonjwa mwenye mabaka machache huitika kwa nguvu. Za yule aliyejaa vijidudu hukaa kimya.

Lakini lililonichoma ni jingine. Mwaka 1973 wataalamu waliokuwa Addis Ababa, Ethiopia, walitangaza kwamba chembe za watu wengi wenye afya, waliokaa karibu na wagonjwa, nazo ziliitika. Vijidudu viliwafikia, kinga ikavishinda. Hayo yalijulikana mwaka mmoja kabla hatujavuta vitanda!

Vijana, ukoma unapona, na tangu 1995 dawa zake hutolewa bure. Akitokea mwenzenu mwenye baka lenye ganzi, mpelekeni hospitali mapema. Kisha kitanda chake kibaki palepale, katikati ya vitanda vyenu.