Tukichangia Sisi, Serikali Ifanye Nini?



Kamati imenipa dakika chache kabla kadi za ahadi hazijaanza kupita. Nimeombwa nijibu swali ambalo huulizwa kila mwaka, na safari hii limeulizwa kwa sauti ya juu: kama tunalipa kodi, kwa nini tuchangie tena? Wapo wanaoligeuza upande wa pili: kama bweni tunajenga sisi, serikali ipo kwa kazi gani?

Swali hili ni halali, na anayeliuliza tusimwite mkorofi. Kila ukinunua sukari, sabuni au vocha, umelipa kodi. Katiba yetu, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na kwamba serikali itawajibika kwao. Mtu anayedai hesabu ya kodi yake anaisoma Katiba vizuri.

Lakini naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu watu wa Kanda ya Ziwa walikutana na swali hili mapema sana, tena kwenye mizani ya pamba. Wazee waliobaki wanalijua jambo hili kuliko mimi. Mkulima alifikisha mzigo wake, mnunuzi akaupima kwa mizani yake mwenyewe, akataja uzito anaoutaka. Serikali ya mkoloni ilikuwepo, sheria zilikuwepo, na bado mkulima aliibiwa mchana kweupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia upimaji. Wakaunda vyama, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya Paul Bomani, ambaye alisoma hapa kwetu Ikizu. Kumbukeni pia kwamba kuanzia 1954 hadi 1958 TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukumani. Chama cha siasa kilifungiwa mlango, lakini watu waliendelea kukutana, kuchagua viongozi, kusomeana mahesabu na kubishana. Walikuwa wanajifunza kujitawala kabla bendera haijapandishwa, na darasa lao lilikuwa ghala la pamba.

Ungetegemea kwamba baada ya Uhuru vyama vya namna hii vingenenepa. Haikuwa hivyo. Kule Ruvuma, wanakijiji waliokuwa wakilima na kuishi pamoja kwa hiari yao, kuanzia Litowa, walikuwa na chama chao cha maendeleo kilichofikia vijiji 17 hivi. Walikuwa na mashine yao ya kusaga na shule yao. Mwalimu aliwapenda, kwa sababu walikuwa wakitenda kile alichokuwa anakihubiri. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho. Mwaka 1972 zikafutwa serikali za mitaa, na mwaka 1976 vikafutwa vyama vikuu vya ushirika. Nia ilisemwa kuwa njema: kuwafikishia watu maendeleo haraka. Ila aliyekuwa na zahanati mbovu hakuwa tena na diwani wa kumbana. Alikuwa na ofisa aliyeletwa kutoka juu, ambaye naye alisubiri amri kutoka juu zaidi.

Jirani yetu wa Butiama, na hili ni la kumheshimu, aliliona. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alisema hadharani kwamba kufuta halmashauri na ushirika yalikuwa makosa. Sheria ya kurudisha halmashauri za wilaya ilipitishwa 1982, nazo zikaanza kazi 1984. Leo ibara ya 146 inasema shabaha ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Neno ni madaraka. Halisemi kupeleka maagizo.

Nimeyaeleza haya kwa sababu kwenye kikao cha maandalizi lilitolewa pendekezo, nami nilisema pale pale kwamba silikubali. Lilisema hivi: kwa kuwa baadhi ya kaya hazichangii, tumwombe mtendaji wa kijiji aweke kiwango kwa kila kaya, na asiyelipa afuatwe na mgambo, achukuliwe mbuzi au baiskeli. Aliyelitoa ana uchungu na bweni, namwelewa. Lakini wengi wetu humu tunakumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa 2003. Tunakumbuka wanaume wazima waliolala porini wakimkimbia mgambo. Tukikusanya namna hiyo, chama chetu kitakuwa kimekufa hata kama jengo limesimama. Ibara ya 20 inatupa uhuru wa kuungana, na inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Mwanzoni mwa 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na chanzo kilikuwa watoto waliorudishwa nyumbani kwa kosa la mfuko wa mzazi. Hatuwezi kumjengea binti bweni kwa kumnyang'anya mama yake mbuzi.

Jirani zetu Wakurya wana risaga: unaita watu wakulimie shamba, na siku yao ikifika unakwenda na jembe lako. Mtu asipokuja hapelekwi polisi. Lakini anajua, na watu wanajua. Hiyo ndiyo nguvu ya chama kama hiki, na ni nguvu kubwa kuliko rungu.

Sasa upande wa pili, ambao Mheshimiwa Diwani ataniwia radhi. Kuchangia kwa hiari hakumwondolei mtu mwingine wajibu wake. Nchi hii imejaa maboma. Wananchi wamefikisha kuta kwenye lenta, wameambiwa bati zinakuja, nyasi zikaota ndani, na popo wakahamia. Boma si ushahidi wa uvivu wa wananchi. Ni ushahidi kwamba walianza bila kuandikiana na mtu yeyote. Kuna kazi ambazo chama hakiwezi, wala kisijaribu kuzifanya: kuajiri walimu, kulipa matroni mwaka baada ya mwaka, kutunza barabara, kumkamata anayempa mwanafunzi mimba. Chama hakina polisi wala hazina, na hakikuchaguliwa na kila mtu. Tukijifanya serikali ndogo, tutachoka baada ya miaka mitatu, na serikali yenyewe itakuwa imeshazoea kupumzika.

Kwa hiyo naomba mambo yawe hivi. Kabla ya tofali la kwanza, halmashauri itie saini karatasi inayosema nani analeta bati, nani analeta matroni, na lini. Karatasi hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Najua mikutano hiyo mara nyingi haikai, na ikikaa tunatuma watoto watusikilizie. Sisi tulio mjini tusijisifu: tunapiga simu kuuliza bweni limefika wapi, ila hatuulizi mapato na matumizi ya kijiji yalibandikwa lini ubaoni.

Na sisi tusomewe pia. Ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki upangwe kwa ajili ya hesabu za chama, kila mwaka, hata mwaka ambao zitatuaibisha. Hatuwezi kumdai mtendaji stakabadhi wakati mweka hazina wetu anaandika kwenye daftari la mfukoni. Mwaka wa uchaguzi ukija, mgombea yeyote anakaribishwa kuchangia kama mwana-Nyamuswa mwingine, risiti atapewa, kipaza sauti hatapewa.

Pendekezo la mgambo bado liko kwenye ajenda ya mchana, na kila mwanachama ana kura moja, aliyetoa milioni na aliyetoa debe la mtama. Mimi nitapiga ya hapana. Kadi za ahadi ziko meza ya mweka hazina, chini ya mwembe. Asiye na kitu leo aje tu aandike jina, apate uji.